Mbuzi na Kifumbu Navyo Vipigwe Picha

Umezuka mtindo tangu simu zilipoanza kuwa na kamera nzuri, nao ni wa watu kukaa majumbani mwao wakavipiga picha vyombo vyao: kikombe cha chai na kisahani chake, ndimu iliyokatwa, bilauri ya maji karibu na dirisha. Ulaya jambo hili lina jina la zamani lililotoka kwa wachoraji; Wafaransa huziita picha za maumbile mafu, na Waingereza husema ni uhai uliotulia. Mimi nitaziita picha za vyombo, kwani ndivyo zilivyo. Mtindo ulipata nguvu mwaka 2020, ulimwengu ulipofungiwa ndani kwa maradhi ya korona. Sisi wa Mji wa Kale hapa Mombasa twaukumbuka vyema mwezi wa Mei mwaka ule, mtaa ulipofungwa asiingie mtu wala asitoke, na huku ni Ramadhani. Vijana waliokosa pa kwenda walizipiga picha sahani za futari hadi chakula kikapoa, na wakubwa wakawacheka.

Mimi sikucheka wakati ule wala sicheki sasa. Naona vijana wale walishika kitu chenye faida kuliko walivyodhani wenyewe, ila waliishia kwenye sambusa.

Kwanza tuondoe shaka moja ambayo najua msomaji anayo. Maulamaa wamehitilafiana juu ya picha za viumbe wenye roho. Wapo wanaoikataza ya kamera kama wanavyoikataza ya kuchora, na wapo wanaosema ya kamera ni kivuli tu kilichozuiwa. Si kazi yangu kuamua baina yao. Lakini visivyo na roho havimo katika ubishi huo. Imepokewa kuwa Ibn Abbas alipojiwa na mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kuchora, alimwambia kama hana budi, basi na achore miti na vitu visivyo na roho. Kwa hivyo mtungi, kawa na chetezo havimtii mtu mashakani. Nimewaona kina mama ambao umri wao wote hawakukubali nyuso zao zipigwe picha, lakini ukiwaambia ni sinia, hukwambia ngoja kwanza nilifute vumbi.

La kushangaza ni kwamba pwani yetu si ngeni katika sanaa hii. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh tangu miaka ya 1940, na Lamu ikawa na ya Bakor, na picha zao leo zatafutwa na wataalamu wa ng'ambo. Nimezitazama nyingi za studio za zama zile, zao na za wengineo, katika maalbamu ya watu. Utaona redio mezani, utaona maua ya plastiki, saa ya mkononi imewekwa makusudi ionekane. Sijaona hata moja ambayo mtu amekwenda na mbuzi yake ya kukunia nazi. Watu walipiga picha walivyotamani kuwa navyo. Walivyokuwa navyo kila siku waliviacha jikoni, wakiamini vitakuwapo siku zote.

Basi havikuwapo siku zote. Nazi siku hizi husagwa kwa mashine au hununuliwa tui la pakiti, na kifumbu cha kuchujia ukikiulizia sokoni huenda ukaoneshwa chujio la plastiki. Hayo ni mabadiliko ya wakati na siyalaumu, mwanamke aliyepunguziwa kazi ana haki ya kushukuru. Linaloniuma ni lile la vyombo vyenye thamani. Madalali hupita nyumba za zamani, Lamu, Pate, na hapa kwetu, wakiulizia viti vya enzi, masanduku ya misumari ya shaba, mirashi ya fedha, na kaure zilizokuwa zikipangwa zidakani. Katika nyumba moja niijuayo, sahani nne za kaure ziliuzwa kwa thamani ya gunia la mchele. Leo wajukuu wakiulizwa zilikuwa za maua gani, mmoja asema ya buluu, mwengine asema ya kijani, na hapana wa kuwaamua.

Hapo ndipo picha inapoacha kuwa mchezo. Waliovumbua upigaji picha walilijua hili mapema kuliko sisi. Mwingereza William Henry Fox Talbot alianza kutoa kitabu chake cha picha mwaka 1844, na ndani yake akatia picha ya vyombo vya kaure vilivyopangwa rafuni, na nyingine ya vyombo vya kioo. Akaeleza kuwa mwenye kaure nyingi aweza kuziorodhesha zote kwa picha moja, na mwizi akija akaziiba, picha ile yaweza kupelekwa mahakamani ikawa shahidi asiye na ulimi.

Na shahidi wa namna hiyo tumemwona akifanya kazi papa hapa pwani, ingawa si kwa vyombo vya jikoni. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa pamoja na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Alipomrudia kumpa picha yake, mzee akamwambia vigango vimeibwa. Miaka mingi baadaye yeye na mwenzake Linda Giles walivigundua katika hazina za vyuo vikuu viwili vya Marekani, Illinois State na Hampton. Kisha kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerejeshwa Kenya. Vigango vingi mno vimetoroshwa nchi hii, na hivi viwili vilitambulikana kwa kuwa vilikuwa na picha. Itikadi ya kigango ni ya wenyewe. Mimi nazungumzia ushahidi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 tunayo, yakataza vitu vya kale kutolewa nchini bila ya kibali, lakini sheria haiwezi kukurudishia sahani usiyoweza kuieleza.

Sasa vipi hupigwa? Nyumba zetu za mawe ni za kiza, kuta nene na madirisha madogo, na watu hudhani ni ila. Kinyume chake, ni studio ya bure. Zima taa zote, kwani bulbu hutia umanjano. Weka chombo hatua moja au mbili kutoka mlango wa kiwanda au dirisha, mwangaza ukijie kwa ubavuni, wala usikijie kwa mbele. Mwangaza wa ubavuni ndio unaoonesha msuko wa kifumbu, ukindu mmoja ukipita juu ya mwengine, na ndio unaoonesha kibao cha mbuzi kilivyolainika kwa kukaliwa na bibi, kisha mama, kisha binti. Ukipiga kwa taa ya simu hayo yote hufutika, mbuzi ikawa kipande cha mbao chenye chuma. Upande wa kivuli simamisha karatasi nyeupe, au hata kanzu iliyopigwa pasi, irudishe nuru kidogo. Saa njema ni asubuhi jua likishapanda kiasi, au baada ya Alasiri, jua lenyewe lisiingie ndani. Simu iegemeze juu ya mkebe wa unga usitetemeke mkono.

Kaure na shaba zina taabu yake kwa kuwa zamerimeta. Hapo nawaomba vijana wasikilize sana. Sinia la shaba ni kioo. Wewe waona sinia, kumbe ndani yake yumo dada yako amekaa na kichwa wazi, na picha ukishaituma haikamatiki tena. Kabla ya kupiga, tundika shuka nyeupe mbele ya chombo, nawe simama kando.

Ikiwa picha ni ya kumbukumbu na si ya urembo peke yake, ongeza mambo haya. Kando ya chombo weka rula, au sarafu ya shilingi, ukubwa wake ujulikane. Kigeuze, upige na chini yake palipo na chapa. Karibia ufa, pengo, mahali palipowahi kutiwa kiraka, maana ufa ndio unaoitofautisha sahani yako na nyingine elfu zilizotoka tanuu moja. Wanamakumbusho wana kanuni yao ya kimataifa iitwayo Object ID, iliyotolewa mwaka 1997 kwa ajili ya kupambana na wizi, na ukiisoma ni mambo kama haya tu: picha, vipimo, alama, maelezo. Haihitaji chuo kikuu.

Lipo swali ambalo nimelifikiria sana: picha hizi zioneshwe au zifichwe? Vijana hutaka kuzitoa mtandaoni papo hapo. Nami naona huko ni kumfanyia dalali kazi yake. Zamani alilazimika kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Leo picha yatoka saa nne asubuhi, na Alasiri ameshatuma ujumbe kuuliza bei. Tena husuda haina tiba ya haraka. Kawa, mwiko na kata vioneshwe, kila mtu ajifunze. Kaure, fedha na viti vya enzi, picha zake zikae na wenye nyumba, nakala moja kwa ndugu anayeaminika aliye mji mwengine. Siku ya mirathi nazo zitasaidia, kwani katika nyumba nyingi mali isiyo na maandishi humwendea aliyewahi kufika.

Kisha kuna majina, na jina hutangulia chombo kupotea. Uteo wa Mombasa ni ungo kwa wengine, na nyumba moja yaweza kuwa na jina lake kwa bakuli moja tu, ambalo hakuna kamusi itakayokupa. Mwulize bibi angali yupo, umwandike kama asemavyo yeye. Simu huibwa, huanguka majini, hufa. Basi zile picha muhimu zitolewe karatasini, na nyuma yake pawe na jina la chombo, aliyekileta, na mwaka, kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino hupenya upande wa pili.

Nyumbani kwangu nimefikisha thelathini na moja hadi sasa. Kinu bado. Kimeazimwa mtaa wa pili kwa ajili ya arusi, na kikirudi nitakipiga kabla hakijaoshwa.