Kung'arisha Pikipiki Si Kuichubua

Stenlesi hushika kutu. Wauzaji wa vipuri huapa kwamba haishiki, lakini anayelaza pikipiki yake Kigamboni, Forodhani au Likoni amekwisha kuyaona madoa ya hudhurungi kwenye bomba la eksozi. Lawama zote huangushiwa bahari. Ni haki yake kiasi fulani tu, kwani mara nyingi mwenye pikipiki mwenyewe amechangia, Jumapili asubuhi, ndoo pembeni na stilwaya mkononi. Sehemu zinazong'aa huumizwa na usafi wa pupa kuliko zinavyoumizwa na vumbi.

Chuma cha stenlesi kilipatikana wakati kilichokuwa kikitafutwa ni kitu kingine. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akisaka chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alipochanganya chuma na kromiamu, aliona kwamba vipande vyake havikuliwa na tindikali za maabara. Kinachokilinda ni utando wa oksidi ya kromiamu, unaojitanda wenyewe chuma kinapokutana na hewa. Unene wake ni nanomita chache tu. Ukikwaruzwa hujifunga tena, mradi chuma kiwe na kromiamu ya kutosha, yaani asilimia 10.5 hivi au zaidi, na oksijeni iufikie.

Adui wa utando huo ni kloridi. Imo kwenye chumvi ya upepo wa bahari na kwenye maji yanayochuruzika kutoka matenga ya samaki ambayo bodaboda hubeba kutoka soko la Feri, Dar es Salaam. Imo pia kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na kwenye tindikali ya chooni, ambazo baadhi ya waosha pikipiki huzisifu kwa sababu uchafu hutoka papo hapo. Hutoka kweli. Kisha utando hutoboka, na vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano huanza kuchimba kwenda chini, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Stilwaya ya chuma cha kawaida nayo huacha chembe zake ndani ya mikwaruzo. Chembe hizo ndizo hushika kutu kwanza, na mwenye pikipiki akaanza kulalamika kwamba ameuziwa stenlesi feki.

Huenda ni kweli. Vingi vinavyong'aa kwenye pikipiki za bei nafuu si stenlesi hata kidogo. Ni chuma cha kawaida kilichovishwa nikeli na kromu. Kromu ya urembo mara nyingi haifiki hata mikroni moja kwa unene, na msasa huimaliza kwa dakika chache. Bomba za shokapu za mbele ndizo zisizopaswa kuguswa kabisa na msasa: zikikwaruzwa, sili hukatika na mafuta huanza kuvuja. Sumaku husaidia kutambua, ila si hakimu wa mwisho. Isiponata, basi hicho si chuma cha kawaida kilichovishwa kromu. Ikinata, swali bado liko palepale, kwa sababu stenlesi ya aina ya 409, inayotumika sana kwenye mabomba ya eksozi, nayo huvutwa na sumaku.

Kazi yenyewe ya nyumbani haina makuu. Injini ipoe kwanza. Maji baridi ya bomba, sabuni ya maji, sponji, mswaki wa zamani kwa pembe zilizojificha, kisha kusuuza na kukausha kwa kitambaa cha pamba. Doa la kutu lipakwe maji ya ndimu, lisubiriwe dakika chache, lisuuzwe vizuri. Viwandani pia asidi ya sitriki, ile ile ya ndimu, hutumika kuondoa chembe za chuma juu ya stenlesi. Msasa uje pale tu penye mikwaruzo mirefu. Uwe wa maji, uanze na namba 600, upande 800, 1000, 1500 hadi 2000, na kila namba isuguliwe kwa kukatisha mistari ya namba iliyotangulia mpaka mistari hiyo ipotee. Anayeruka namba ataiona mistari hiyo baadaye, chini ya mng'ao. Mwisho ni pasta ya kung'arishia metali, kidogo tu.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini makoti ya mvua na soli za ndala bado huyeyukia kwenye eksozi. Bomba lipashwe moto kidogo, kisha plastiki ikwanguliwe kwa kipande cha mbao. Kisu kikae jikoni.

Ile rangi ya dhahabu, zambarau na buluu karibu na injini si uchafu. Joto limeufanya utando wa oksidi uwe mnene, na mwanga hucheza humo. Inaweza kuondolewa kwa pasta, na itarudi pikipiki ikipanda mlima Kitonga mara moja na mzigo. Iachwe.

Diski ya breki nayo kwa kawaida ni stenlesi, na hapo ndipo kung'arisha kunapoweza kuua. Pasta au mafuta yakigusa diski, pedi huyanywa na breki hukataa kushika.

Dereva wa mkataba, anayepaswa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, atauliza muda wa kupitia namba tano za msasa ataupata wapi. Hana haja nao. Kwake, ndoo moja ya maji baridi baada ya kubeba samaki au kushinda ufukweni ina faida kuliko Jumapili nzima ya kusugua, maana chumvi huondolewa kabla haijaanza kazi.

Kwa wauzaji wa vipuri kuna ombi la haki. Eksozi inayouzwa kwa jina la stenlesi itajwe aina yake: 304 yenye kromiamu ya asilimia 18 hivi, au 409 yenye 11 hivi na inayopata madoa mapema zaidi. Iliyovishwa kromu iitwe kromu. Na mnunuzi asiyeona maandishi yoyote aulize kabla ya kutoa fedha, jibu liandikwe kwenye risiti.