Maziara Yasiyo na Warithi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nitoe dukuduku nililorudi nalo safarini mwaka jana, wala usidhani kuwa ni habari ya mbali isiyotuhusu, kwani sisi watu wa Tengeru tuna haki ya kusema juu ya makaburi na Wapolandi. Katika Vita Vikuu vya Pili waliletwa kwetu wakimbizi wao wapatao 5,000, aghalabu wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu na Warusi, kisha wakatokea Uajemi. Na waliofia hapa wakazikwa hapa, makaburi zaidi ya 140, ambayo hadi leo yana mtunzaji, yanafagiliwa, na majina yanasomeka, ijapokuwa jamaa zao wako ng'ambo ya bahari.

Mimi nilisoma Poland ujanani. Niliporejea kuzuru, nilifuatana na rafiki yangu wa masomo mpaka mji mdogo wa mama yake, upande wa Lublin, mji ambao kabla ya vita nusu ya watu wake walikuwa Mayahudi, na ambamo mwaka 1942 Wajerumani waliwakusanya Mayahudi hao wote wakawapeleka Bełżec, mahali walipouawa watu zaidi ya 400,000 katika muda usiotimia mwaka. Niliuliza mava yao yako wapi. Nikaonyeshwa kilima nyuma ya maghala, kimeota miiba na mishita, na upande wa barabarani kimesawazishwa, magari huegeshwa siku za soko. Mawe niliyoyaona yamesimama hayakufika kumi. Jingine nililikuta kwenye banda la ng'ombe, limelazwa kizingitini, na juu yake, chini ya matope, imechongwa mikono miwili iliyonyoshwa kubariki, ambayo ndiyo alama ya kaburi la mtu wa ukoo wa makuhani. Na mwenye banda, mzee mpole aliyetukirimu maziwa, alisema jiwe lile alilikuta tangu enzi za baba yake.

Sikumlaumu yeye. Waliotangulia kuyang'oa mawe yale ni Wajerumani, waliotengenezea njia na nyua kwa mawe ya makaburi, na dola iliyofuata nayo ikatunga sheria mwaka 1959 kwamba ardhi ya makaburi yaweza kugeuzwa matumizi ikiwa imepita miaka 40 tangu maziko ya mwisho. Na msomaji akihesabu kutoka 1942 ataona mwenyewe muhula ulikwisha lini. Ninaowalaumu ni wakubwa wa mji ule wa leo, ambao tulipokwenda kuwauliza walitujibu kwa adabu nyingi kwamba hakuna mrithi aliyelalamika. Subhana Llah! Warithi walikwenda kwa treni ile ile ya Bełżec, atalalamika nani?

Wala wasiseme haiwezekani. Kule Kazimierz Dolny, kando ya mto Vistula, mawe yaliyokuwa yametandazwa uani kwa watawa yalikusanywa, na mwaka 1984 msanifu majengo Tadeusz Augustynek akayajengea ukuta mrefu, akauacha na ufa katikati, kana kwamba umepasuliwa na radi. Na nchini mle mna vijana, Wakristo kwa kuzaliwa, wanaokwenda siku za mapumziko kufyeka magugu na kusoma majina ya watu wasiowajua. Tena haki inayodaiwa si kubwa: katika sheria ya Kiyahudi kaburi ni la maiti milele, halifukuliwi wala halihamishwi, hata mifupa isiguswe, basi haihitajiki fedha ya fahari, bali ua, lango, na mtu wa kuyarudisha mawe yanayokanyagwa.

Nasi pia tumepata kuhamisha makaburi kupisha barabara, nami sijisifu kwa niaba ya mtu. Lakini wageni wa Kipolandi hufika Tengeru kila mwaka kuweka maua, nasi huwapokea kwa heshima; basi mgeni wa namna hiyo akipita hapa na kulisoma gazeti lako, namwomba atakaporejea kwao aulize katika mji wake magari ya siku ya soko yanaegeshwa wapi.

Wako mtiifu,
Mzee wa Tengeru,
Arusha