Mguu ukivimba baada ya korona, usikimbilie kukandwa

MNAKUMBUKA Machi 2021? Chanjo ya AstraZeneca ndiyo ilikuwa imeanza kutolewa nchini, na kabla hatujatulia habari zikatua kwenye simu zetu: Denmark imesimamisha, Ujerumani na Ufaransa zimefuata, eti inagandisha damu. Mtaani wimbo ukawa mmoja: mimi sidungwi, nisije nikagandishwa damu bure. Wengine wetu tulisambaza hayo WhatsApp bila kusoma hadi mwisho.

Hofu ile haikuwa uongo mtupu. Aprili mwaka huo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema tatizo lipo, ila ni nadra mno. Ambacho hakikusambazwa ni kwamba korona yenyewe inagandisha damu, tena kuliko chanjo kwa mbali sana. Utafiti wa Uingereza uliotoka Agosti 2021 ulikadiria kuwa kati ya watu milioni 10 waliopata dozi ya kwanza ya AstraZeneca, wa ziada waliopata mabonge ya damu kwenye vena ni 66. Kati ya milioni 10 walioambukizwa korona? Zaidi ya 12,600. Piga hesabu mwenyewe.

Tumezoea kusema korona ni ugonjwa wa mapafu. Kumbe mishipa ya damu nayo huumia. Ule utando laini wa ndani, unaoiwezesha damu kuteleza, huvimba na kuharibika, kisha damu huanza kuganda kana kwamba kuna kidonda cha kuziba. Bonge likikaa mguuni, mguu unavimba. Likinyofoka likasafiri hadi mapafuni, mtu anaweza kuanguka ghafla. Likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Aprili 2020 madaktari wa Uholanzi waliwaangalia wagonjwa 184 waliokuwa ICU, wakakuta karibu thuluthi moja wamepata matatizo ya aina hii.

Usiniambie hayo ni ya wazee. Nick Cordero, mwigizaji wa Broadway kule Marekani, alikuwa na miaka 41. Alikatwa mguu Aprili 2020 kwa sababu ya mabonge ya damu, na Julai akafariki.

Na si lazima uwe umelazwa. Watafiti wa Sweden walifuatilia zaidi ya watu milioni moja walioambukizwa, wakaona hatari ya bonge mguuni inaendelea hadi miezi mitatu, na mapafuni hadi miezi sita. Waliougulia nyumbani pia walikuwemo, ingawa hatari yao ilikuwa ndogo kuliko ya waliolazwa.

Sasa hapo ndipo tunapokosea. Kijana anapona 'homa', wiki tatu baadaye mguu mmoja unauma na kuvimba. Anaambiwa alilala vibaya, ama ni mazoezi ya gym. Anakandwa kwa mafuta moto, kitu ambacho kinaweza kulinyofoa bonge. Mwingine anapitia kemisti kununua aspirini. Aspirini ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa wa korona karibu 15,000 waliolazwa. Haikupunguza vifo, na waliovuja damu waliongezeka. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama heparini, zipo na zinasaidia, lakini anayezipima ni daktari.

WHO ilitangaza Mei 2023 kuwa dharura imeisha. Kirusi hakikusoma tangazo hilo.

Kwa hivyo mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa pumzi ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ama ukikohoa damu, usingoje asubuhi. Ukifika, mwambie daktari uliugua lini, hata kama hakuuliza. Na wewe dada unayetumia vidonge vya kupanga uzazi, vitaje pia, maana vile vyenye estrojeni huongeza hatari hiyo.