Jasho la kwapa si uchafu, na ndimu si dawa



Leo tunasema bila kuuma maneno. Tumechoka na tabia ya kumwambia mwanamke anayelowa kwapa kwamba haogi vizuri. Tunaambiana hivyo sisi kwa sisi, tukisukana, shughulini, hata masomo wanapomfunda mwari. Na huku visiwani kisingizio tunacho tayari: joto.

Haya, twendeni Kate, wilaya ya Nkasi, juu ya uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa. Mwezi wa Juni na Julai huko watu wanavaa sweta na kuota moto. Dada yetu mmoja Mpemba, mumewe ana duka huko, ametueleza kwamba baibui lake linalowa makwapani asubuhi ya baridi, naye amekaa tu. Anaoga mara mbili kwa siku. Mawifi wanamwambia abadilishe sabuni! Watuambie basi, joto la Kate liko wapi?

Haya ni maradhi, yana jina lake kwa madaktari, na mara nyingi huanza wakati wa balehe na huenda kwa ukoo. Mishipa ya fahamu inaziamrisha tezi zitoe jasho hata pale mwili hauhitaji kupozwa. Sabuni haifiki huko. Harufu nayo ni jambo jingine: huletwa na vijidudu vinavyokula majimaji ya kwapa. Ndiyo maana mtu anaweza kulowa chepechepe na asinuke.

Bibi zetu walitumia shabu, na hawakukosea, maana inapunguza harufu. Ila kwa jasho jingi haifui dafu. Deodoranti tupu na udi ni hivyo hivyo. Kinachozuia jasho ni chumvi za alumini, na kwa tatizo kubwa madaktari huanza na kloridi ya alumini, mara nyingi ya asilimia 20. Inapakwa usiku kwenye ngozi kavu kabisa, si siku uliyonyoa, na asubuhi unaiosha. Wengi wetu tunapaka asubuhi baada ya kuoga, kwapa bado bichi, halafu tunawashwa na kusema dawa mbaya. Jasho likishatulia, mara moja au mbili kwa wiki hutosha. Ikiwasha, pumzisha siku kadhaa. Hadi leo hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba alumini hiyo inaleta saratani ya matiti, kwa hiyo hizo sauti za WhatsApp mnazotumiana, zifuteni.

Wanaotuudhi zaidi ni wauzaji wa vikopo visivyo na lebo, "dawa ya kwapa, inakausha na kung'arisha". Kung'arisha kwa nini? Krimu zenye zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na kikopo kisichoandikwa kilichomo hakina wa kumuuliza. Na anayekushauri ndimu na magadi, mwambie ajipake yeye kwanza. Ngozi ikishachubuka inabaki nyeusi, kisha anakuuzia hiyo ya kung'arisha.

Wapo wanaouliza kuhusu udhu. Kwapa si katika viungo vya faradhi vya udhu, na dawa yenyewe imeshaoshwa asubuhi. Kuondoa nywele za kwapa ni katika sunna za fitra, tusipitishe siku arubaini, na kunasaidia harufu. Lakini tusimfanye anayetoka jasho kuwa ameacha sunna. Huo ni uzushi.

Jambo moja la kuangalia. Jasho la maradhi haya kwa kawaida hukoma ukilala. Ukiamka usiku shuka zimelowa, unakonda, una homa au kikohozi, au moyo unakwenda mbio, usinunue kitu cha kupaka. Nenda hospitali upimwe kifua kikuu, tezi la shingo na sukari.