Chagua blogu utakayoweza kuhama nayo

MJI KASORO BAHARI
Na Asha Mkude

Vijana wanaomaliza vyuo vya SUA na Mzumbe hawaachi kuniuliza: dada, nataka kuanza blogu, nifungue Blogger au WordPress? Wengi wameshaangalia video za Marekani zinazoshindanisha urembo wa kurasa na kasi ya seva, wakachoka kabla ya kuandika hata aya moja. Mimi nawaambia waanze na Blogger, ile ya bure, leo hii.

Waliotutangulia walianza na kilichokuwapo. Ndesanjo Macha alipoanzisha Jikomboe mwaka 2004, blogu ya Kiswahili ilikuwa jambo geni kabisa. Mwaka uliofuata Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alifungua yake akiwa Helsinki, Finland, Macha akiwa ndiye mshawishi wake. Aliifungua Blogspot, yaani Blogger hiyo hiyo. Maggid Mjengwa naye alifanya watu wa Dar es Salaam wasome habari za Iringa kila siku. Waliwashika wasomaji kwa picha na habari ambazo hazikupatikana kwingine, na kwa kurudi kila siku.

Sasa mfikirie msomaji wako. Mkulima wa nyanya Nyandira, kule Mgeta, ameamka akakuta majani yana mabaka na matunda yametobolewa. Anajua ni kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Anachotaka kujua ni dawa ipi bado inafanya kazi, na mtego unategwa wapi shambani. Kwenye kundi lake la WhatsApp kuna bwana shamba aliyeeleza vizuri sana kwa ujumbe wa sauti, lakini kuupata leo ni kupekua mamia ya ujumbe wa harusi na misiba. Facebook nako maelezo yapo, ila yameshafunikwa na mengine. Akiandika "kantangaze nyanya" kwenye Google, atakachopata ni ukurasa wenye anwani yake, kichwa chake na tarehe yake. Ndiyo maana nasema Facebook na Status za WhatsApp zitumie kutangaza, makala yenyewe ikae kwenye blogu. Huko ni shamba la kuazima, na Mluguru aliyeazimwa shamba la ukoo mwingine hulima mahindi, hapandi miti ya kudumu kama minazi.

Mkulima huyo ana simu ndogo na bando la kuhesabu. Chukua muonekano mwepesi kuliko yote, maandishi meusi kwenye nyeupe, na upunguze picha kabla ya kuzipakia, maana picha moja ya simu za siku hizi hufika hata MB 4. Ukurasa unaofunguka haraka ukiwa umeketi Msamvu mjini unaweza kukwama kabisa Bunduki milimani.

WordPress ni nzuri, na tovuti nyingi kubwa duniani zimejengwa kwayo. Ila wanaoanza huchanganya mambo mawili. WordPress.com inakupa nafasi ya bure yenye matangazo yake, na ukitaka kutumia jina lako mwenyewe unalipia. Ile ya WordPress.org ni programu ya bure, lakini nafasi kwenye seva unaikodi wewe, na ulinzi na masasisho ni juu yako. Hapo ndipo blogu nyingi za mikoani zinapofia. Mwaka wa kwanza mtu analipa kwa furaha. Mwaka wa pili ada ya shule ya mdogo wake imeingia, siku ya malipo inapita, na kazi yote inatoweka mtandaoni. Blogger haikudai kodi ya seva. Ukikaa kimya miezi sita ukarudi, makala zako utazikuta. Na siku ukipata fedha, unanunua jina la .co.tz na kuliunganisha. Unalipia jina tu.

Kuna wanaonionya kwamba Google inaweza kuifunga Blogger. Ni kweli, inaweza. Iliinunua mwaka 2003, na mwaka 2019 iliufunga mtandao wake wa kijamii, Google Plus. Posterous, jukwaa la blogu lililopendwa kwa urahisi wake, lilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, na mwaka uliofuata likafungwa. Kwa hiyo jukwaa lolote lipime kwa swali hili kwanza: siku nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini? Blogger inakuruhusu kupakua nakala ya makala zako kupitia mipangilio, na WordPress inaweza kuzipokea. Picha zitunze kando. Jukwaa lisilokupa nakala ya maandishi yako liache, hata kama linapendeza namna gani.

Halafu kuna sheria, ambayo zile video za Marekani haziigusi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ada yake shilingi 1,000,000 kwa mwaka, mbali na 100,000 za maombi. Fedha hizo kwa kijana anayeandika kuhusu mdalasini wa Kinole zilikuwa nyingi mno, na wapo walioamua kufunga. Naamini ilikuwa hasara kwa nchi, kwa sababu walionyamaza hawakuwa wachochezi, walikuwa waandishi wadogo. Marekebisho ya mwaka 2022 yalipunguza ada na kuielekeza leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Bado, kama blogu yako itagusa habari, waulize TCRA kabla ya kuchapisha, na jibu lao litunze kwa maandishi.

Milima yetu ina mengi ambayo ukiyatafuta kwa Kiswahili huyapati: mbuzi wa maziwa wa Nyandira, njia ya kupanda kilele cha Lupanga, kalenda ya mbogamboga za Mgeta. Nyinyi mnayajua. Fungueni wiki hii, mwanze na lile ambalo majirani zenu huwauliza mara kwa mara, na kila mwisho wa mwezi pakueni nakala.