Mbwa Aliyetoroka Hakimbizwi



Juma hili nataka tuzungumze habari za mnyama ambaye wengi wetu hatujapata kumwona, ila ndugu zetu wakaao Marekani na Ulaya huenda wakamkuta kwa jirani. Ni mbwa chotara, aliyezaliwa kwa mbwa wa nyumbani na mbwa-mwitu wa nchi za baridi. Msimdhanie yule mbwa-mwitu wetu wa Serengeti mwenye mabaka. Huyo ni wa jamii nyingine, wala hazai na mbwa wa nyumbani.

Machotara wengine walizalishwa kwa makusudi. Katika Chekoslovakia kazi hiyo ilianza mwaka 1955. Jike la mbwa-mwitu lilipandishwa na dume la Kijerumani, wa aina ile tuijuayo kuwa mbwa wa polisi, na watoto wa kwanza wakazaliwa mwaka 1958.

Basi, chotara huyu akiruka ua, au akichimba chini yake akatoka, afanyweje? Wazo la kwanza la watu ni kukusanyika, kupiga kelele na kumfukuza. Hapo ndipo penye hatari. Mara nyingi mnyama huyu hakimbii kwa ukali, hukimbia kwa woga. Ukimfuata atakushinda, kwani mbwa-mwitu katika mbio fupi hufika hata kilomita 60 kwa saa. Na ukimbana pembeni atauma.

Akiuma, mambo huharibika pande zote mbili. Chanjo za kichaa cha mbwa zinazotumika Marekani zimeidhinishwa kwa mbwa wa kawaida, si kwa machotara hawa. Kwa hiyo hata kama alichanjwa, wakubwa waweza kuamuru auawe ili ubongo wake upimwe. Jino moja tu, naye mwenyewe humpoteza. Tena mkulima akimkuta kati ya kondoo zake, katika majimbo mengi sheria yamruhusu kumpiga risasi.

Kwa hiyo yakupasa kufanya hivi. Kwanza, wapashe habari polisi, ofisi ya wanyama na majirani wote, hasa wenye mifugo. Waambie kwamba mnyama ana mwenyewe, kwamba ni mwoga, wasimkimbize wala wasimpige, bali wakimwona walete habari mara moja. Watoto na wawekwe ndani.

Pili, kama ana mwenzake aliyebaki uani, mwache mwenzake palepale, ila hakikisha naye hawezi kutoka. Mara nyingi aliyetoroka hazunguki mbali na mwenziwe. Weka chakula mahali pamoja, saa ileile kila jioni, pamoja na nguo uliyoivaa, ili harufu yako imwite.

Tatu, ukimwona, usimwendee. Keti chini, mgeuzie ubavu, usimkazie macho, sema naye kwa sauti ya kila siku, umtupie kipande cha nyama. Aje mwenyewe. Yule amjuaye ndiye afanye hivyo, na wengine wote wakae mbali. Usimrukie kumkamata anapokaribia mara ya kwanza, maana ukimkosa hatakuamini tena upesi.

Nne, asipokuja, utegwe mtego wa tundu kubwa wenye nyama ndani, nao uangaliwe mara kwa mara asije akaumia. Bunduki ya sindano ya usingizi ni kazi ya daktari wa wanyama peke yake. Dawa ile haimlazi mnyama papo hapo. Huchukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo aweza kukimbilia barabarani akagongwa na gari, au kuangukia mahali asipoonekana.

Akisharudi, usimwadhibu. Mwenye kupigwa kwa kurudi, safari nyingine hatarudi. Apelekwe kwa daktari, kisha utazame alipotokea. Wafugaji wengi humjengea ua wa seng'enge wenye kimo cha futi 8, na chini wakalaza waya asichimbe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Labda utasema, "Hayo ya Marekani yanihusu nini?" Yanakuhusu. Mbwa wako wa ulinzi akikata mnyororo usiku, naye ana woga uleule, na vijana wenye mawe huzidi kumtia wazimu. Waite watoto ndani, watawanye watu, kisha umwite kwa sahani yake. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Asingoje kuona kama mbwa ataugua, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna apataye kupona.

Mshike kwa subira, ndugu msomaji, nawe utalala usingizi.