Tusimdai Mkimbizi Deni Lisilo Lake

Naomba nafasi nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu nikiwa Kidato cha Kwanza.

Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika usiku, ukabeba nyumba za mabati na vyote vilivyokuwemo. Mwezi uliofuata tingatinga zikaja kubomoa zilizosalia kando ya mto. Serikali ilitangaza kwamba kila familia iliyohamishwa ingepewa shilingi 10,000. Haya, hesabu mwenyewe: kodi ya mwezi, dipoziti, godoro, sufuria. Rafiki yangu wa dawati moja alilala kanisani na wadogo zake, kisha wakahamia kwa shangazi yao Dandora. Karo ikawa hadithi. Akaacha shule.

Muhula uo huo, msichana mmoja darasani mwetu, ambaye wazazi wake walikimbia vita Somalia wakaja kuishi Eastleigh, akalipiwa karo na shirika fulani. Sitaficha, nilichukia. Nikasema kwa sauti, "Kwani hii nchi ni ya nani?" Darasa likanipigia makofi. Yeye aliinama tu, akaendelea kunakili yaliyokuwa ubaoni.

Mwalimu mmoja alisikia. Hakunipiga wala kunifokea. Aliniuliza tu, "Asingelipiwa huyu, yule mwenzako angerudi?" Nilikosa jibu.

Tangu hapo nimefikiri sana. Watu husema wakimbizi wanakula vyetu. Chakula cha Dadaab na Kakuma hutoka zaidi kwa wafadhili wa nje kupitia Mpango wa Chakula Duniani. Mwaka 2025 wafadhili hao, Marekani ikiwa mbele, walipopunguza msaada, mgao wa Kakuma ulishuka chini ya thuluthi moja ya kiwango kinachotakiwa. Je, kile kilichokatwa kililetwa Mathare? Thubutu! Na hawa wa hapa Nairobi wengi hujitafutia wenyewe, kwa kuuza chai na nguo.

Mkimbizi anaomba pa kujificha kwa kuwa kwao hakukaliki. Mwananchi aliyebomolewa haombi, anadai. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa haki ya makao yanayofaa. Mdaiwa anajulikana, naye hufurahi sana tukigombana na Msomali wa duka badala ya kumbishia yeye mlango.

Lakini pia si haki mwenyeji achungulie bomba la maji kupitia ua. Waturkana wamewapokea wageni Kakuma tangu 1992, nao wenyewe wana kiu. Ndiyo maana naipenda fikira ya Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa 2016 na kupangwa ili mkimbizi na mwenyeji watumie shule na zahanati zile zile. Kwa nini isiwe hivyo kwa basari za hapa shuleni? Mfadhili akija, aulize nani hana pa kulala, asiulize amezaliwa wapi. Orodha iwe moja, na walimu wanaotujua waiandike.

Rafiki yangu sasa anamsaidia shangazi yake kuuza mboga, lakini anasema atafanya mtihani hata kama ni nje ya shule. Jumamosi humpelekea madaftari. La Hesabu ni la yule msichana wa Eastleigh. Alinipa mwenyewe, bila kuombwa, akasema mwandiko wangu hausomeki.